Kupima hatari ya kujiua kwa mzee mwenye demensia: mwongozo kwa wahudumu wa zahanati na vijiji vya Dodoma

Maswali ni yale yale kila mafunzo yanapoisha. "Kama anasahau hata jina la mjukuu wake, atakumbukaje kutaka kujiua?" "Nikimuuliza, si nitakuwa nimempa wazo?" "Binti anasema mzee hana shida, mzee mwenyewe analia; nimsikilize nani?" Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Ni wako wewe muuguzi au tabibu wa zahanati, na wewe mhudumu wa afya ngazi ya jamii unayezunguka kaya za Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa. Ndugu anayemuuguza mzee nyumbani naye asome, hasa hatua ya 1, ya 5 na ya 7.

Swali la kwanza nalijibu hapa hapa, maana bila jibu lake hutaona sababu ya kuendelea. Demensia ni ugonjwa unaopunguza taratibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, lakini kusahau hakumkingi mtu. Mzee anaweza kusahau kilichomuumiza asubuhi, lakini maumivu yakabaki naye hadi usiku. Na mwanzoni mwa ugonjwa anajua vizuri sana kinachompata: anajiona akipotea njia ya kisimani, anaona watoto wakikonyezana akirudia habari. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta hatari imepanda kwa makundi matatu: walioambiwa kuwa wana ugonjwa huo ndani ya miezi mitatu iliyotangulia, waliougua kabla ya kufika miaka 65, na waliokuwa na maradhi mengine ya akili kama sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha). Kwetu wengi hufika kituoni ugonjwa umeshakomaa, lakini funzo linatufaa: siku unayomwambia mzee na familia jina la ugonjwa, siku hiyo hiyo anza kumlinda. Ugonjwa ukishazidi, uwezo wa kupanga jambo hupungua. Hatari haiishi hata hivyo, kwa sababu mtu bado anaweza kufanya jambo kwa msukumo wa ghafla, au akaanza kukataa chakula na dawa.

Kabla hujaanza

- Mahali pa faragha. Chini ya mti uani, mbali na masikio, panatosha.
- Muda. Tenga saa nzima, na iwe asubuhi. Wazee wengi wenye demensia huchanganyikiwa zaidi jua linapozama.
- Miwani yake, kama anayo. Jua pia sikio lipi linasikia vizuri, ukae upande huo. Dodoma ina wazee wengi walioumizwa macho na trakoma, kope zikiingia ndani na kuchoma, na wengine wana mtoto wa jicho. Usiyaite demensia matatizo ya macho na masikio.
- Mkalimani, ikiwa Kiswahili chake ni cha shida na anajisikia nyumbani katika Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Awe mtu mzima asiye wa familia. Usimtumie mjukuu: mzee hatasema mbele yake, na mtoto hapaswi kubeba maneno hayo.
- Kipimajoto, mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimo cha haraka cha malaria.
- Dawa zote anazotumia, za hospitali, za duka na za kienyeji. Waambie wakuletee mfuko mzima.
- Jina na namba ya mtu utakayempigia ukikuta hatari, pamoja na jibu la swali la usafiri.

Hilo la mwisho ndilo watu hulipuuza zaidi. Ukimfungua mzee akakuambia anataka kufa leo, kisha ukaanza kutafuta pikipiki na namba za simu, umemwacha pabaya kuliko ulivyomkuta. Jua njia ya rufaa ya eneo lako kabla ya kuuliza: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Mirembe kwa huduma za kibingwa za afya ya akili. Mirembe ipo tangu miaka ya 1920, na jina lake limegeuzwa tusi la mtaani. Familia ikilisikia ghafla inaweza kukimbia na mgonjwa wao, kwa hiyo eleza kwanza atakachofanyiwa huko, ndipo utaje jina.

Hatua ya 1. Hakikisha si mchafuko wa akili wa ghafla

Uliza swali moja tu: "Hali hii imeanza lini?" Demensia huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa Jumapili, akaanza kuweweseka na kusema anataka kufa Jumatano, ana ugonjwa wa mwili hadi uthibitishe vingine. Pima joto, presha, sukari na malaria. Tafuta nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, mkojo uliokataa kutoka, choo kigumu, upungufu wa maji, na jeraha la kichwani baada ya kuanguka. Angalia pia dawa mpya: amitriptilini (dawa ya sonona) na diazepamu (dawa ya kutuliza) zinatosha kumvuruga mzee.

Hapa hatua zinazofuata zinasubiri, lakini ulinzi hausubiri. Mtibu au mpe rufaa siku hiyo, asiachwe peke yake, kisha urudi kumpima akili ikitulia.

Hatua ya 2. Msalimie, kisha mtoe kwenye umati

Shikamoo kwanza, na usubiri marahaba yake. Kwa Wagogo anza na "mbukwenyi" na usikimbize salamu. Ulizia mvua, mtama na mifugo. Dakika hizo tayari ni kipimo: unaona anafuata mazungumzo kiasi gani, anakutazama au anainamia chini, na habari za ng'ombe zinamgusa au hazimgusi tena.

Kisha omba mzungumze wawili. Usiseme "nataka kumhoji mzee". Sema, "Naomba nikae na mzee kidogo nimpime, halafu nitawaita." Naanza na mzee kabla ya familia kwa makusudi. Akiona umenong'onezwa kwanza na mkwe wake, ameshajua uko upande wa nani.

Hatua ya 3. Muulize yeye mwenyewe, ngazi kwa ngazi

Kuuliza hakumpi mtu wazo la kujiua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unasema hivyo waziwazi, na wengi wakiulizwa kwa upole hupumua. Uliza jambo moja kwa sentensi fupi, kisha nyamaza. Mzee mwenye demensia anahitaji muda kutafuta neno. Ukirukia swali la pili, umefuta la kwanza.

Panda hivi:

"Mzee, siku hizi moyo wako ukoje?"

"Kuna wakati unaona maisha yamekuchosha?"

"Umewahi kutamani ulale usiamke?"

"Watu wengine wakichoka hivyo hufikiria kujitoa uhai. Wewe umewahi kufikiria?"

"Leo je? Hata sasa tukiwa tumekaa hapa?"

Akijibu ndiyo kwa hilo la nne, usitikisike usoni na usimkimbilie na mawaidha. Endelea: amewaza atafanyaje, kuna kitu amekiandaa, amewahi kujaribu, zamani au karibuni. Kisha muulize kinachomzuia. Hapo utasikia majina: mjukuu fulani, kanisa, ng'ombe wawili waliobaki. Yaandike kama alivyoyataja, maana utayahitaji kwenye hatua ya 8.

Maonyo matatu. La kwanza, usiulize kwa kukanusha: "Hujafikiria mambo mabaya, eti mzee?" Atakujibu kwa heshima kile unachotaka kusikia. La pili, usimuulize "wiki mbili zilizopita umejisikiaje?" Fomu nyingi zimeandikwa hivyo, lakini mtu asiyekumbuka jana hawezi kukadiria wiki mbili. Muulize ya leo, ya nyuma yatoke kwa anayemhudumia. La tatu, rudia swali kuu baada ya robo saa kwa maneno mengine. Majibu yakifanana, una uhakika zaidi. Yakitofautiana, usichague lile jepesi. Chukua lenye hatari zaidi, ukalichunguze.

Hatua ya 4. Tenganisha anayemngoja Mungu na anayetaka kujiua

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa pande zote mbili. Wazee wetu huzungumza kifo bila woga. Bibi anakuambia, "Mimi namsubiri Mungu tu, safari yangu imefika," kisha anacheka na kuuliza kama umekula. Huyo ametulia na dunia yake. Ukimwandikia rufaa ya haraka umemwonea.

Mwingine anatumia karibu maneno hayo hayo, ila kuna kitu kimebadilika. Sikiliza mambo haya:

Anajiita mzigo. "Nawasumbua tu." "Wangekula vizuri kama nisingekuwepo." Kauli ya namna hii ina uzito kuliko kutaja kifo chenyewe.

Mungu ametoka kwenye sentensi. "Mungu anichukue" inageuka "nitajiondoa" au "nitawapunguzia". Aliyekuwa anangoja sasa ndiye atakayetenda.

Anaaga au anagawa. Kugawa mali ni desturi njema ya wazee, lakini kama amegawa shamba, akarudisha madeni na kuomba msamaha kwa majirani ndani ya wiki moja bila sababu inayoeleweka, uliza.

Amepoteza nafasi yake. Chukua mfano wa mzee wa Bahi aliyekuwa akihesabu mifugo yake kila jioni zizini. Kumbukumbu ilipoanza kupungua, vijana wakauza ng'ombe kadhaa. Wanasema walimwambia, naye hakumbuki. Kila jioni anakwenda zizini, anahesabu, anakuta pungufu, na kila jioni anaibiwa upya. Watoto wanaona usumbufu wa mtu anayerudia swali. Yeye anaishi na wezi ndani ya boma lake. Mzee huyu akisema "bora nife", hasemi kwa mazoea.

Anaitwa mchawi. Bibi anayezurura usiku kwa sababu ya demensia, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, anaweza kushukiwa na kutishwa. Hatari yake ni mbili kwa pamoja: kujidhuru na kudhuriwa. Muulize kama kuna mtu anamtisha au anampiga, na mhusishe ofisa ustawi wa jamii mapema.

Na ukatae lile neno "ni uzee tu". Sonona si uzee.

Hatua ya 5. Zungumza na anayemhudumia, peke yake

Mtafute anayemwogesha na kumlisha, ambaye mara nyingi ni mkwe, binti au mjukuu wa kike. Mtoto mkubwa anayetuma pesa kutoka mjini atakupa habari nzuri, lakini za miezi iliyopita. Uliza: analala? Anakula? Analia? Amesema au kufanya lolote la kujidhuru? Ukoo umewahi kupata msiba wa namna hiyo? Anakunywa pombe kiasi gani? Nini kimebadilika nyumbani?

Hilo la mwisho lipe uzito. Tangu serikali ilipohamia Dodoma, mji umepanuka, na watoto wengi wamewaleta wazazi kutoka kijijini wakae nao Nkuhungu au Ilazo. Nia ni njema kabisa. Lakini mzee amefungiwa geti tangu asubuhi, jirani hamjui, kijiji hakioni, na watu wote wako kazini. Kuhamishwa, kufiwa na mwenzi na kutoka hospitalini ni nyakati za kumwangalia kwa karibu zaidi.

Kisha muulize mwenyewe anayehudumia: "Na wewe unaendeleaje? Umewahi kufikia mahali ukaona bora ufe, au bora mfe wote?" Swali hili huachwa sana, nami naliona la lazima. Akijibu ndiyo, sasa una wagonjwa wawili.

Hatua ya 6. Tumia fomu, lakini isikutawale

Kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa wazee wa wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, kinasaidia kutambua demensia hata kwa asiyesoma. Alama 7 kushuka chini zinaashiria demensia. Kinapima kumbukumbu na kufikiri. Hakipimi hatari ya kujiua.

Kwa sonona ndani ya demensia, skeli ya Cornell ya mwaka 1988 inafaa kuliko fomu za kujijazia, kwa kuwa inachukua maelezo ya anayehudumia na pia ya mzee. Ina vipengele 19, kila kimoja 0 hadi 2, na jumla ikipita 10 shuku sonona. Kimojawapo kinahusu kujiua. Hicho kikipata alama, usisubiri jumla.

Hakuna fomu inayotabiri nani atajiua. Alama ndogo si ruhusa ya kufunga faili.

Hatua ya 7. Kagua nyumba

Omba kuonyeshwa anapolala, jikoni na stoo. Angalia dawa ya shamba kwanza. Kwenye kaya za wakulima wa zabibu kule Hombolo na Mvumi, na kwa wanaopulizia mahindi na alizeti, utakuta viuatilifu chini ya kitanda au vimemiminwa kwenye chupa ya soda. Kwa mzee mwenye demensia hilo ni hatari hata asipotaka kufa, kwa sababu anaweza kudhani ni kinywaji. Vitoke nyumbani kabisa, vikafungiwe kwa jirani au kwenye ghala la ushirika. Kuvificha juu ya kabati hakutoshi.

Dawa za hospitali ziwe mikononi mwa mtu mmoja, amezeshwe dozi kwa dozi. Ukiandika dawa, toa za wiki, usitoe za mwezi. Amitriptilini iepuke kwake: inazidisha usahaulifu, na ikizidi kipimo ni hatari kubwa. Vitu vyenye makali na silaha za asili navyo viondolewe chumbani mwake, kwa ustaarabu, bila kumpekua mbele ya wajukuu.

Hatua ya 8. Amua

*Leo hii.* Amejaribu karibuni, ana nia na mpango, amekataa kula na kunywa, au anasikia sauti zinazomwamuru. Asiachwe peke yake hata chooni, mtu amsindikize. Mpeleke hospitali, na mwambie unakompeleka. Kama amemeza kitu, usimtapishe. Nenda naye na chupa yenyewe. Uhai kwanza, maswali ya kisheria baadaye. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na familia nyingi huficha tukio kwa hofu hiyo. Waambie umekuja kutibu.

*Ndani ya wiki.* Ana mawazo ya kujiua lakini hana mpango, analindwa vizuri, na vitu vya hatari vimeshaondolewa nyumbani. Aonwe na tabibu mwenye mafunzo ya afya ya akili, sonona na maumivu yatibiwe. Panga na familia nani yuko naye mchana na nani usiku, kwa majina. Usitegemee ahadi ya mzee kwamba hatajidhuru. Hata akiahidi kwa moyo wote, kesho hataikumbuka. Mpango wa usalama wa mgonjwa wa demensia unakaa kwa wanaomzunguka. Kwake yeye rudisha kile alichokitaja kwenye hatua ya 3: mjukuu aje kila jioni, mchungaji au shehe apite, apelekwe zizini akahesabu.

*Kufuatilia.* Anazungumza kifo kwa utulivu, anakula, analala, anafurahia watu. Rudi ndani ya mwezi, na mapema zaidi kukitokea msiba au kuhama.

Ukisitasita kati ya ngazi mbili, chagua ya juu.

Hatua ya 9. Andika, kisha urudi

Andika maneno yake kama alivyoyasema, lugha aliyotumia, nani alitoa habari gani, na saa. "Mgonjwa hana nia ya kujiua" haimsaidii atakayempokea. "Kasema mara mbili 'nitawapunguzia', mkwe kathibitisha, viuatilifu vimeondolewa leo" inamsaidia. Piga simu kesho yake. Hatari hupanda na kushuka, kwa hiyo kipimo cha mara moja ni cha siku hiyo tu.

Ukikwama

*Mzee hasemi kabisa.* Ugonjwa umezidi au haamini mtu. Tegemea macho: kukataa kijiko, kugeukia ukutani, kulia anapoogeshwa, kujipiga. Tafuta maumivu kwanza: meno, vidonda, nyonga, kope. Mpe panado kwa kipimo chake na uone kama anabadilika.

*Mzee anakana, binti anasisitiza.* Anaweza kuwa amesahau alichosema jana, au anaona aibu. Panga ulinzi kwa maelezo ya binti. Kinyume chake pia kipo: familia inakana na mzee anasema. Hapo mwamini mzee.

*Anasema "usimwambie mtu".* Usiahidi. Mwambie: "Mzee, hili siwezi kulibeba peke yangu. Tuchague pamoja nani tumwambie." Mara nyingi atataja mtu.

*Familia inataka afungwe kamba au mlango ili asizurure.* Hapana. Kunamtia hofu na kunaongeza hasira na majeraha. Panga zamu, na fungeni kengele ya mbuzi mlangoni ili mlioko ndani msikie akitoka.

*Familia inasema hawana pesa.* Sera ya wazee inahesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na wasiojiweza wana haki ya matibabu bila malipo. Pita dirisha la wazee, na umshirikishe mtendaji wa kijiji au ofisa ustawi kuhusu utambulisho. Lakini hali ya leo hii isisubiri barua. Mpeleke, karatasi zitafuata.

*Wewe mwenyewe umetoka pale hulali.* Mwambie msimamizi wako kabla ya kaya inayofuata, na ziara ijayo kwa mzee huyo mwende wawili.